Waya wa Taa kwenye Kikaushio cha Mbegu

Waya ule niliuchagua mimi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miezi kadhaa watu wa Kibondo walimlaumu mtu mwingine, na mtu huyo ni baba yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili.

Kazi yake ilikuwa kutunza moto wa kikaushio cha mbegu za maharage. Wageni huuliza maharage yanahitaji mashine ya nini wakati jua lipo. Lipo, ila maharage yetu ya kwanza huiva Januari, katikati ya mvua. Unang'oa asubuhi, unaanika, saa nane wingu linajifunga, unakimbia na turubai. Ukikimbia na turubai wiki mbili, maharage yanaanza kuota yakiwa bado ndani ya maganda. Ya kula utayala hivyo hivyo. Ya mbegu yamekwisha. Ndiyo maana kikundi cha wakulima wa mbegu kilijenga kikaushio chake pembeni mwa mji: tanuri la matofali linalokula kuni, bomba nene la bati linalobeba hewa ya moto, feni ya kuisukuma, na chumba chenye vitanda vya wavu ambako maharage hutandazwa.

Mbegu ni kitu hai. Ukiipasha kidogo inakauka na kulala. Ukiipasha kupita kiasi inakufa, na kwa macho huwezi kujua ipi imelala na ipi imekufa. Rangi ni ileile, mng'ao ni uleule. Utajua ukishaipanda.

Baba mdogo alikuwa anajua kabla ya kupanda. Au tuseme alisema anajua, maana hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Miaka mingi kabla ya hapo alikausha tumbaku kwenye mabani ya watu, yale mabanda ya kukaushia kwa moto, Kasulu na Kibondo. Katika bani la tumbaku, moto ukikuzidi mara moja, kazi ya mwaka mzima ya mwenye shamba imegeuka majani ya kutupa. Hakuwahi kuwa na kipimajoto. Alichokuwa nacho ni mkono wa kushoto. Kila mara alikunja shati, akauzamisha kwenye maharage mpaka kiwiko, upande wa ndani wenye ngozi laini ukiwa chini, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akauchomoa, akatia punje moja mdomoni, akaing'ata. "Bado," alikuwa akisema. Au: "Toeni gogo moja." Misimu mitatu mbegu za kikundi ziliota vizuri, na mpaka Murungu wakulima walikuwa wakiuliza kama mbegu zilizoletwa ni zile za mzee wa mkono.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa umeme. Barua za kuomba kazi hazikujibiwa, nikafungua kibanda Kasulu, nikawa natengeneza mashine za kusaga, friji na sola. Nikienda Kibondo nilikaa naye karibu na tanuri, nikimuuliza maswali.

"Baba, unajuaje kwamba imetosha?"

"Mkono unasema."

"Unasema nyuzi ngapi?"

"Mkono hauhesabu, mwanangu. Unasema tu."

"Sasa kesho ukiwa na homa je? Mkono wenyewe ukiwa wa moto?"

Alicheka mpaka akakohoa. Aliwaambia waliokuwa wakipanga kuni, "Mnamwona huyu? Hata akiamka anauliza kwanza kama kweli ni asubuhi."

Ni kweli nilikuwa hivyo, na bado niko hivyo. Katekista alinifukuza darasani kwa sababu ya maswali. Chuoni nilizoea kuuliza, "Nani kasema?" mpaka wenzangu wakalifanya jina langu la utani. Kwa hiyo nilipowashauri viongozi wa kikundi kununua kihisi joto sikuwa na nia ya kumdhalilisha baba mdogo. Mnunuzi mmoja mkubwa wa mbegu alikuwa anataka kuona joto limeandikwa kwenye daftari, na mkono haujazi daftari. Zaidi ya hilo, niliamini kwamba kitu kisichopimwa hakijulikani. Nililiamini hilo bila kuliuliza swali hata moja.

Kihisi kilifika Januari, mvua zikiwa zimekolea na magunia ya maharage mabichi yakisubiri barazani. Kilikuwa kijiti cha chuma chenye urefu wa kalamu mbili, na juu yake kichwa kidogo cha bati chenye skrubu mbili za kufungia nyaya. Upande mwingine kulikuwa na kisanduku cha kusomea namba. Mahali pa kijiti hapakuwa na mjadala: kwenye bomba la bati, hewa ya moto inapotoka tanurini. Kuhusu kisanduku, mwenyekiti alisema kitakaa ofisini, na ofisi itafungwa kwa kufuli.

"Kikae pale kwenye tanuri, anayechochea akione mwenyewe," nilisema.

"Kijana, kitu cha kikundi hakikai nje," alisema mwenyekiti. "Tulikuwa na mzani nje. Sasa hivi uko wapi?"

Hakuna aliyejua mzani ulipo. Kikundi chetu kilikuwa na desturi hiyo: kitu chochote chenye thamani kinalala ofisini, na ufunguo ni wa katibu. Kutoka tanurini hadi ofisini ni mita ishirini na tano. Hapo ndipo suala la waya lilipoingia.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na mstari mmoja tu juu ya waya: tumia waya wa aina moja na kihisi, usitumie mwingine. Ule wa kihisi chetu ni wa kijani na mweupe. Nilikwenda kwa muuza vifaa vya umeme pale Kasulu, mzee mwenye ndugu zake pwani, ambaye sote tunamwita Hajji.

"Huo sina," alisema. "Nina wa taa, wa kengele, wa pampu, wa spika. Huo wa kijani na mweupe nimpigie mdogo wangu Dar, autafute, aupakie kwenye basi. Siku kumi, inshallah."

"Siku kumi maharage yatakuwa yameshaota barazani, Hajji."

"Basi subiri, au chukua mwingine. Lakini usije ukasema Hajji ndiye aliyekwambia. Mimi nauza waya, ushauri siuzi."

"Waya ni waya, Hajji. Shaba ni shaba."

Alinitazama juu ya miwani. "Hapo ndipo nyie wa chuo mnapotuacha," alisema, akaanza kunipimia waya wa taa.

Nimeurudia uamuzi ule kichwani mara nyingi, na siwezi kujidanganya kwamba ulikuwa wa haraka tu. Niliufikiria. Nilijiuliza ni nani aliyeandika ule mstari kwenye karatasi ya maelekezo, nikajijibu kwamba ni mtu anayeuza waya wa kijani na mweupe. Nilikuwa nimeshaona mashine nyingi zenye onyo la kutumia mafuta ya kampuni yao tu, taa za kampuni yao tu, na kila mara wenye mashine Kasulu walitumia chochote na mashine ikafanya kazi. Shaba inapitisha umeme vizuri kuliko madini ya ule wa kijani na mweupe. Kwa nini iwe mbaya? Chuoni nilifundishwa kwa nini. Nilikuwepo darasani, nikanakili ubaoni, nikajibu swali la mtihani na kupata alama zote. Lakini kwenye mtihani ule ilikuwa ni hesabu ya herufi tu, haikuwa na tanuri wala mtu wa kuchochea kuni.

Hata hivyo, sikutaka kuamini tu, hata kujiamini mwenyewe. Nilitaka ushahidi. Kabla ya kukifunga kihisi kwenye bomba, nilikiunganisha na ule waya wote wa mita ishirini na tano, nikauacha umejikunja sakafuni ofisini. Viongozi wakakaa. Nikaleta birika la maji yanayochemka kwenye jiko la mkaa, nikachovya ncha ya kijiti. Namba ikapanda, ikasimama tisini na tano.

"Siyo mia?" katibu aliuliza.

Nikawaeleza kwamba tuko juu, hewa ni nyepesi, na huku kwetu maji huchemka kabla ya kufika mia. Tisini na tano ndiyo hasa iliyotakiwa.

Mwenyekiti akapiga goti lake. "Kumbe hata maji ya Kibondo yamenyimwa asilimia tano!"

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na nilijisikia kama mtu aliyefika. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina majivu, hakutaka kuingia na viatu vyenye tope. Alikuwa anatabasamu. Nadhani alikuwa anajivunia mimi.

Kihisi kikafungwa. Sheria ikaandikwa kwenye daftari: namba isishuke chini ya arobaini wala kuzidi arobaini na mbili. Katibu alikaa ofisini karibu na dirisha, akawa anapaza sauti kila baada ya muda.

"Thelathini na nne!"

Baba mdogo anaweka gogo.

"Thelathini na sita! Ongeza, mzee!"

Siku ya pili nilikuwepo. Jua lilitoka mchana, tanuri lilikuwa limewaka tangu alfajiri, bomba la bati lilikuwa haligusiki. Baba mdogo alitoka kwenye chumba cha vitanda, shati limekunjwa, akaenda mpaka dirishani.

"Katibu, hebu angalia tena. Mkono unasema imezidi."

"Thelathini na nane, mzee. Bado mbili."

"Nakwambia imezidi. Hata mende wamekimbia mle ndani."

"Mkono wako hauna betri, mzee," alisema katibu, na wapanga kuni wakaangua kicheko. "Ongeza kuni."

Aligeuka, akanitazama. Alisubiri tu. Nami nikasema maneno ambayo natamani ningeyameza.

"Baba, umezoea tumbaku. Mkono umezoea joto la bani. Fuata namba."

"Ego," alisema, ambalo kwa Kiha ni ndiyo. Akaenda kuchukua gogo.

Kwa wiki tatu alifuata namba. Wapanga kuni waliniambia baadaye kwamba wiki ya kwanza aliendelea kuzamisha mkono na kunung'unika. Wiki ya pili alizamisha bila kusema neno. Wiki ya tatu hakukunja shati tena.

Mbegu ziligawanywa mwishoni mwa Februari, zikapandwa Machi. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa wazi, maana hakuna aliyeweza kusingizia ukame. Siku nane, siku kumi, mashamba yalibaki mekundu, matupu. Hapa shina moja, pale mawili, mengine yametoka yakiwa na kichwa kilichopasuka na kunyauka.

Mkutano uliitishwa. Nilitoka Kasulu asubuhi. Baraza lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walisimama nje chini ya miamvuli. Mama mmoja kutoka Murungu alikuja na kanga iliyofungwa fundo. Alilifungua mezani mbele ya viongozi. Ndani kulikuwa na maharage aliyoyafukua kwenye mashimo yake, yamevimba, yanateleza, yananuka.

"Mwakeye," alisalimia kwanza, kwa adabu kabisa, halafu akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mimi shamba langu ni hilo moja. Nilitupa mbegu zangu za nyumbani kwa kuwa mlisema hizi ni bora. Naomba anayehusika aniambie nitalisha nini watoto mwezi wa sita."

Mwenyekiti akasoma daftari la joto kwa sauti: arobaini, arobaini na moja, arobaini, siku kwa siku. Kisha akaniita.

"Mtaalamu. Hiki kipimo chako kilikuwa sawa?"

Nilisimama. Siku ile nilikuwa naamini kabisa nilichokisema. "Kilikuwa sawa. Tulikipima kwa maji yanayochemka mbele yenu."

"Basi kama kipimo ni sawa na katibu aliandika sawa, anayebaki ni nani?"

Kila mtu alijua anayebaki. Mzee mmoja akasema kwamba huenda katibu alipokwenda kula, moto ulichochewa ovyo. Mwingine akasema mtu aliyezoea bani la tumbaku hawezi kuijua mbegu. Mwingine, aliyekuwa amecheka na kunywa naye miaka yote, akasema, "Mzee amechoka. Tuseme ukweli, amechoka." Misimu mitatu ya mbegu zilizoota haikutajwa na yeyote. Mimi pia sikuitaja.

Mwenyekiti alimwuliza kama ana la kusema. Baba mdogo alisimama, kofia mkononi. Alinitazama, na nilidhani angeeleza yale ya dirishani. Angeeleza, mambo yangekuwa mengine, maana watu wangeuliza.

"Kijana amesema kipimo kilikuwa sawa," alisema. "Huyu ni mwanangu, amesoma. Akisema ni sawa, ni sawa. Basi nimekosea mimi."

Akamwomba radhi yule mama wa Murungu, akatoka. Jumapili iliyofuata alihamia Kumsenga kwa wakwe zake, akawa analima mihogo. Nilimpigia simu mara mbili tatu. Alikuwa anauliza habari za kazi yangu tu.

Ukweli niliupata Juni, Kasulu, kwenye tanuri la mikate. Mama mwenye duka la mikate alikuwa na kihisi kama kile cha kikundi, na panya walikuwa wamekata waya wake wa kijani na mweupe. Nikaunga kipande cha waya wa taa, kama nilivyozoea. Kesho yake alinipigia simu akifoka. Nilipofika, mikate ilikuwa myeusi kama mkaa, na namba ilikuwa inasoma chini ya ile aliyoizoea.

"Kijana, mkate hausomi namba," alisema. "Mkate unaungua tu. Njoo uangalie ulichonifanyia."

Nilipogusa mahali nilipounga waya, palinichoma vidole. Nilichukua kiberiti, nikawasha njiti chini ya kiungio, macho yangu kwenye namba. Nilikuwa naongeza joto, na namba ilikuwa inashuka.

Nikawasha njiti nyingine. Ikashuka tena. Mama wa mikate aliniuliza kama ninaumwa.

Naweza kulieleza kwa maneno mepesi, na ningelieleza hivi mapema ningejiepusha na mengi. Kihisi cha namna ile hakipimi joto lenyewe. Kinapima tofauti ya joto kati ya ncha yake na mkia wake, yaani pale madini yake mawili yanapoishia. Kisanduku kinajua joto la mahali kilipo, kwa hiyo kinajumlisha na kupata jibu. Waya wa kijani na mweupe ni wa madini yanayolingana na yale ya kihisi, kwa hiyo unauvuta mkia mpaka kwenye kisanduku. Ukiweka waya wa taa, mkia unaishia palepale kwenye kichwa cha bati juu ya bomba la moto, na kisanduku kilichoko ofisini kwenye ubaridi hakina habari. Kichwa kikipata moto, tofauti inapungua, na namba inasoma chini. Tanuri likizidi kuwaka, kisanduku kinazidi kudai kuni. Siku ya birika, kichwa na kisanduku vilikuwa chumba kimoja, ubaridi mmoja. Jaribio langu lilikuwa la kweli kwa mahali ambapo kihisi hakikufanya kazi hata siku moja.

Arobaini ya daftari ilikuwa kama sitini. Mkono ulikuwa umesema imezidi.

Nilikwenda Kumsenga siku hiyo hiyo kwa bodaboda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nilimweleza yote, nimesimama, bila hata kukaribishwa kiti. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kumenya muhogo aliokuwa nao mpaka ukaisha, akauweka kwenye beseni.

"Ilikuwa ngapi, siku zile?"

"Sitini, baba. Labda na zaidi."

"Mkono uliniambia."

"Najua."

"Hujui. Uliniambia, nami nikauambia unyamaze."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie. Kisha alisema, "Wewe usiende kuwaambia. Wakijua, Kasulu nani atakupa tena mashine yake? Mimi nimeshakaa huku. Mihogo haina maneno."

"Nitawaambia, baba."

"Kwa faida ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijakuomba."

Alikuwa hajaniomba. Lakini mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu alikuwa anaitwa muuaji wa mbegu sokoni Kibondo, na mimi nilikuwa napita soko hilohilo na kuitwa mtaalamu. Nilimpigia simu Hajji nikaagiza mita ishirini na tano za waya wa kijani na mweupe. Ulifika baada ya siku tisa. Hajji aliupima mbele yangu, akanikabidhi.

Julai viongozi walikubali kuja kwenye kikaushio. Nilimsihi baba mdogo aje. Alikuja, nadhani kwa sababu nilimwambia nitasema akiwepo au asipokuwepo. Nilifunga vihisi viwili kwenye bomba lilelile, kile cha kikundi na kingine cha kuazima, ncha zikikaribiana, kimoja kwa waya wa taa na kingine kwa waya wake halali. Visanduku vyote viwili niliviweka kwenye dirisha la ofisi. Tukawasha tanuri. Mwanzoni namba zilikwenda sambamba, na katibu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Bomba lilipopata moto, zikaanza kuachana. Waya wa taa ulipofika arobaini, mwingine ulikuwa unasoma sitini na moja.

Mama wa Murungu alikuwepo pia, nilimwalika mimi. Yeye ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa hiyo mzee hakuwa mwongo."

"Hakuwa mwongo," nilisema. "Alikwenda dirishani akasema imezidi. Katibu alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze."

Katibu aliangalia chini. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama nina uhakika, halafu alivua kofia yake, akaenda kwa baba mdogo akampa mkono. Lazima niseme kwamba walifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Mama wa Murungu naye alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Mimi hakunipa, na sikutarajia.

"Mzee, Januari urudi," alisema mwenyekiti. "Tutatangaza hata kanisani na msikitini. Kazi ni yako."

Moto ulikuwa umepunguzwa. Waya halali ulikuwa unakaribia arobaini, na gunia moja la maharage lilikuwa limetandazwa kwenye wavu kwa ajili ya siku ile. Mwenyekiti, akitaka kumpa heshima mbele ya watu wote, akasema, "Hebu tuoneshe, mzee. Haya yamefika au bado?"

Baba mdogo alikunja shati. Akauzamisha mkono mpaka kiwiko. Alikaa hivyo muda mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, uso umekunjamana kama wa mtu anayetafuta jina la mtu aliyemjua zamani. Kisha akainua kichwa, akatazama dirishani, kwenye kisanduku. Kutoka pale alipokuwa asingeweza kuisoma namba. Akanigeukia mimi.

"Wewe unasemaje?"

Nilikuwa naijua namba. Sikuweza kuitamka.

Alichomoa mkono, akaukung'uta, akateremsha shati na kufunga kifungo. "Tafuteni mtu mwingine, mwenyekiti," alisema kwa upole. "Siyo kwa hasira. Huu mkono siku hizi nauuliza, haunijibu."

Mwenyekiti alianza kumbembeleza. Baba mdogo akawa anatazama kama bodaboda iliyomleta bado ipo.

Msimu uliofuata katibu mwenyewe alitunza moto, akiwa na kisanduku kando yake pale tanurini, chini ya kijipaa cha bati tulichokijenga. Mbegu ziliota vizuri, Murungu na kwingine. Watu wananishukuru. Ninapokwenda Kumsenga tunamenya mihogo pamoja, tunaongea habari za mvua na za mpira, na ananiuliza habari za kazi yangu. Nikimwuliza swali lolote kuhusu moto, anasema nisome kipimo.